Kuandaa PortaPack kusikiliza meli za bandari ya Mtwara, hatua kwa hatua

PortaPack ni kioo, vitufe na sehemu ya kadi vinavyopachikwa juu ya redio ya HackRF One ili ufanye kazi bila kompyuta. Mwongozo huu unaanza na kifaa kilichotoka kwenye boksi, unaishia ufukweni Shangani kikionyesha meli zinazoingia Mtwara. Kumbuka jambo moja toka mwanzo: maunzi ndiyo masikio, fimuwea (programu inayokaa ndani ya kifaa) ndiyo inayoelewa kilichosikika. Wengi hubadilisha fimuwea mara tatu wakati tatizo liko kwenye antena, au hununua antena mpya wakati kadi ndiyo mbovu.

Jua masikio yanapofikia

HackRF One inapokea kuanzia megahezi 1 hadi gigahezi 6, na inaweza kutazama upana wa hadi megahezi 20 kwa mara moja. Haipokei na kurusha kwa wakati mmoja. Kigeuzi chake, kinachobadili mawimbi kuwa namba, ni cha biti 8, maana yake wimbi kubwa na wimbi dogo vikiingia pamoja, tofauti inayobebeka ni kama desibeli 48 tu. Mjini kuna stesheni za FM kati ya megahezi 88 na 108 ambazo nguvu yake ni kubwa mno kuliko ya meli iliyo mbali. Ukipandisha gaini (kiwango cha kukuza mawimbi) ovyo, kigeuzi kinajaa FM na meli inapotea kabisa, ingawa kioo kinaonyesha mawimbi tele.

Mlango wa antena nao ni dhaifu. Usizidishe dBm -5, ambayo ni kama theluthi moja ya miliwati. Redio ya VHF ya chombo cha majini hurusha hadi wati 25. Ukiwasha HackRF kwenye boti, antena yako ikiwa karibu na ya redio hiyo, chipu ya kwanza ya kukuza mawimbi inaungua. Kifaa kitaendelea kuwaka kama kawaida, ila kitakuwa kiziwi.

Hatua ya 1: Kadi

Tumia kadi ndogo ya GB 16 au 32 ya aina inayoaminika, iliyofomatiwa FAT32. Pakua kifurushi cha kadi cha Mayhem, fimuwea tutakayoitumia, kifungue, kisha nakili vilivyomo moja kwa moja kwenye kadi, visiwe ndani ya folda nyingine. Hakikisha folda ya ADSB ina faili la world_map.bin, maana bila hilo ramani haitoki.

Usipuuze kadi. Kumbukumbu ya fimuwea ndani ya HackRF ni MB 1 tu, na Mayhem imeshaijaza, kwa hiyo programu ndogo nyingi zimehamishiwa kwenye folda ya APPS ya kadi. Ukiweka fimuwea mpya ukaacha APPS ya zamani, programu hizo zitagoma kufunguka.

Hatua ya 2: Fimuwea

Chaji betri kwanza. Weka faili lenye mwisho wa .ppfw.tar kwenye folda ya FIRMWARE. Hilo hubeba fimuwea pamoja na programu ndogo za toleo hilohilo. Fungua Utilities, kisha Flash Utility, chagua faili, kubali. Taa za RX na TX zitametameta kwa kama sekunde 15. Usiguse kitu mpaka zitulie, kisha zima na uwashe.

Ukipendelea kompyuta, ingia kwanza kwenye hali ya HackRF kupitia menyu ya PortaPack, kisha tumia amri ya hackrf_spiflash iliyo hapa chini. Kama kompyuta bado haioni kitu, badilisha kebo kabla ya kufanya lolote. Kebo nyingi za dukani ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data.

Umeme ukikatika katikati, kioo kikabaki cheusi, usikitupe kifaa. Programu ya kuwashia imechongwa ndani ya chipu ya LPC4320 yenyewe, na kuflashi hakuifikii. Shikilia kitufe cha DFU, bonyeza RESET na uachie, subiri taa ya 3V3 iwake, kisha achia DFU. Taa ya 1V8 inatakiwa ibaki imezimika. Ikiwaka, hujaingia, rudia. Sasa, kwenye kompyuta:

dfu-util --device 1fc9:000c --alt 0 --download hackrf_usb.dfu --reset

Hapo fimuwea inakaa kwenye RAM tu, ukizima inapotea. Kwa hiyo, bila kuzima:

hackrf_spiflash -w portapack-mayhem-firmware.bin

Kisha bonyeza RESET.

Mayhem ina menyu ya kurusha. Iache. Kurusha mawimbi bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa kisheria, na masafa ya meli ndiyo wanayotegemea manahodha wanaopita kwenye mlango mwembamba wa ghuba.

Hatua ya 3: Antena

Meli hutangaza jina, mahali na mwendo wake kwa mfumo wa AIS kwenye megahezi 161.975 na 162.025. Gawanya 300 kwa 162 upate mita 1.85, robo yake ni sentimita 46, punguza asilimia 5, inabaki 44. Kata vipande viwili vya waya wa shaba wa nyumba, milimita za mraba 2.5, kila kimoja sentimita 44. Vifunge kwenye bomba la plastiki, kimoja kikielekea juu na kingine chini. Moyo wa kebo uungwe kwenye waya wa juu, wavu wake kwenye wa chini. Kebo itoke kwa pembeni angalau nusu mita ndipo ishuke, la sivyo nayo inageuka sehemu ya antena. Mita 5 za kebo ya antena aina ya RG58 zinatosha.

Urefu wa mlingoti una faida kuliko gaini. Antena ikiwa mita 9 juu na ya meli mita 25, utaisikia kutoka kama kilomita 33.

Hatua ya 4: Gaini

Kioo kina vipimo vitatu vya gaini: AMP, LNA na VGA. Anza AMP ikiwa 0, LNA 24, VGA 20. Chomoa antena, tazama kiwango cha kelele, ichomeke tena. Kelele ikipanda kidogo ulipochomeka, gaini inatosha. Isipopanda, ongeza LNA hadi 32. Ikipanda ghafla na mistari ikajaa kila mahali, FM imekuzidi: shusha LNA, au weka kichujio cha kuzuia FM kabla ya mlango.

Hatua ya 5: Sikiliza, na uwe na subira

Fungua Receive, kisha AIS, chagua chaneli ya 87B (megahezi 161.975) au 88B (162.025). Programu husikiliza chaneli moja tu kwa wakati, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Meli inayotembea hujitangaza kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Iliyotia nanga, ikisubiri gati la kupakia korosho, hujitangaza kila dakika 3, tena kwa kupokezana chaneli. Kwenye chaneli yako itasikika kila dakika 6. Kaa dakika 15 kabla ya kusema kifaa kibovu. Jina huja na ujumbe mwingine, kwa hiyo mwanzoni utaona namba ya tarakimu 9 tu. Ikianza na 674 au 677, chombo ni cha Tanzania. 650 ni Msumbiji.

Majahazi na mitumbwi ya Msangamkuu hutayaona. Sheria ya kimataifa inadai AIS kwa meli za safari za nje zenye ujazo wa tani 300 na kuendelea.

Ukitaka kurekodi mawimbi ghafi, kwa faili la aina ya C16 kwenye kilohezi 500 kadi inaandika MB 2 kila sekunde. FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, kwa hiyo kata rekodi kabla ya dakika 35.

Ukirudi nyumbani, fungua kiungio cha antena. Chumvi ya pwani huacha unga wa kijani kwenye shaba ndani ya wiki chache. Futa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, kisha funga ungio la nje kwa utepe wa mpira, ukizungusha kutoka chini kwenda juu ili maji yateremke bila kuingia.