Kutoa chuma mwilini kwa mtoto wa selimundu anayeongezewa damu

Chupa moja ya damu ya mtu mzima huja na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Kinachobaki hujirundika kwenye ini, moyo na tezi. Baada ya chupa 10 hadi 20, au feritini (kipimo cha damu kinachoonyesha chuma kilichohifadhiwa mwilini) ikipita nanogramu 1,000 kwa mililita, daktari hufikiria kuanza deferasiroksi, dawa ya kutoa chuma mwilini. Feritini ipimwe mtoto akiwa mzima. Malaria au maumivu ya selimundu huipandisha, nayo hudanganya.

Kabla ya yote angalia aina ya kidonge. Cha kuyeyusha huanza kwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, cha kumeza chenye ganda huanza kwa 14. Ukibadilishiwa kutoka cha kuyeyusha kwenda chenye ganda na dozi ikaachwa ileile, figo ndizo zitakazolipa.

Mtoto wa kilo 25 anayetumia cha kuyeyusha atahitaji miligramu 500. Kitie kwenye mililita 100 za maji au juisi ya machungwa, nusu saa kabla ya uji. Koroga mpaka mabonge yaishe. Usingoje yawe maji meupe, dawa hii haiyeyuki kama sukari; inabaki tope laini. Akishakunywa, suuza kikombe kwa maji kidogo anywe na hayo, maana sehemu ya dozi imeganda chini. Soda na maziwa hapana: povu hujaa na kidonge hukawia kuachana. Dawa ya kiungulia yenye aluminiamu isiende nayo pamoja. Saa iwe ileile kila siku, na ukisahau jana usimpe mara mbili leo.

Kreatinini (kipimo cha damu cha figo), vipimo vya ini na protini kwenye mkojo hupimwa kabla ya kuanza, kisha angalau kila mwezi. Macho na masikio kila mwaka.

Joto la Dodoma la Oktoba na Novemba si la kuchezea, hukausha maji mwilini. Mtoto akiharisha, akitapika au akishindwa kunywa maji, simamisha dawa na umpigie daktari siku hiyohiyo. Choo cheusi au macho ya manjano, nenda hospitali.

Kosa linalojirudia majumbani ni FEFO. Mtoto wa selimundu huandikiwa foliki asidi, mtu akachukua FEFO akidhani ni kitu kimoja. FEFO ina chuma ndani yake. Soma boksi, omba foliki asidi tupu.