Kufundisha manesi wa watoto wachanga bila kungoja semina

Tusidanganyane jamani, semina ya siku mbili hotelini, chai na sambusa kisha cheti, haimfanyi nesi ajue kumpa kichanga pumzi. Mie nilitoka na cheti changu vizuri tu, miezi kadhaa baadae mtoto katoka kimya, nashika ambu (ule mfuko wa kukamulia hewa) mikono yatetemeka, maski imekaa upande hewa yote yatokea shavuni. Mtoto alilia alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo naamini mkono ndio unaofunzwa.

Kwa hivyo wewe inchaji wa wodi hapa Mombasa, anza hivi. Mdoli wa mazoezi utoe kabatini, uweke palepale leba, na kila zamu ikibadilishana watu wawili wafanye dakika kumi tu, mmoja afanya mwenziwe atazama saa. Mtoto akaushwe, asuguliwe mgongo, na kama hapumui pumzi ianze kabla ya sekunde 60 kwisha. Maski namba 1 kwa aliyetimiza miezi, namba 0 kwa njiti. Hesabu kwa sauti, "pumua, mbili, tatu", utapata pumzi 40 mpaka 60 kwa dakika. Macho yawe kifuani, hakiinuki? Usikimbilie kukamua kwa nguvu, kwanza rudisha maski vizuri, weka kichwa sawa (wengi hukikunja nyuma mno mpaka njia yaziba), angalia mdomoni kama kuna uchafu, ndipo uongeze nguvu kidogo. Hapo pa maski rudieni mpaka mchoke, makosa mengi yako hapo.

Kwa hawa waliokwisha kutoka leba, wachanga mpaka wanaokimbia, zoezi ni kuhesabu pumzi dakika nzima, mtoto ametulia kwa mamake, si nusu dakika halafu mara mbili. Chini ya miezi 2 ni 60 na zaidi ndio pumzi za mbio, miezi 2 mpaka 12 ni 50, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40. Wapeni wanafunzi wawili mtoto mmoja wahesabu kila mtu kivyake, mtacheka majibu yao.

Na kuna jambo vitabu havilisemi, lugha ya kina mama. Mama wa Likoni akikwambia mtoto ana nyuni (ugonjwa wa kukakamaa unaosemwa waletwa na ndege), yule nesi mgeni kutoka bara asicheke wala asimgombeze, amuulize alikakamaa vipi, macho yalifanyaje, ilichukua muda gani, maana pengine ni degedege hilo lataka matibabu saa hiyohiyo. Akisema utosi umebonyea, shika utosi, finya ngozi ya tumbo, ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi hiyo ni dalili ya kukaukiwa sana.

Mtoto akizidiwa zamu ya usiku, kaeni kidogo asubuhi kabla watu hawajakimbilia feri, muulizane nini kilichelewa, si nani alichelewa. Ukianza na nani, kesho hakuna atakayefungua mdomo.

Ile ambu ya mdoli itie alama ya rangi, isije ikachanganywa na ya watoto.