Sato halishwi alfajiri: bwawa lako wakati wa kipupwe

Juni na Julai, mfugaji wa Mafinga au Uyole anaamka gizani, anamwaga kopo la pumba na dagaa bwawani, anakwenda zake shamba. Akirudi saa sita anakuta chakula kimelowa na kujikusanya kwenye kona upepo unakosukumia. Anasema samaki wanaumwa. Hawaumwi, maji ndiyo ya baridi.

Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Sato hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 26 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hamu ya kula inapungua sana, yakikaribia 16 anaacha kabisa. Hata kaa matope wa pwani ni hivyohivyo: kaa mdogo hukua kwa kujivua gamba, na maji yakipoa anakaa na gamba lilelile muda mrefu zaidi. (Kwa wanaoniuliza: huyo huku kwetu hafugiki, anataka maji ya chumvi.)

Nunua kipimajoto. Kifunge kwenye kamba pamoja na kijiwe, kizamishe nusu mita, subiri dakika tano, kitoe usome upesi kabla upepo haujakidanganya. Pima asubuhi, pima tena saa tisa alasiri. Msimu huu lisha kati ya saa nne na saa kumi, jua likishapasha maji. Rusha kiganja kimoja, subiri. Kikiliwa ndani ya dakika kumi, ongeza. Kikibaki, funga kopo. Chakula kinachooza humaliza hewa ya majini, na alfajiri utawakuta samaki juu wanatweta.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni mfereji kuachwa unamimina usiku na mchana. Maji ya mlimani ni barafu tupu! Ufunge, uufungulie mchana tu kufidia yaliyopungua. Kina kiwe mita moja hadi moja na nusu, maana bwawa la magotini hupoa usiku mmoja. Miti inayotia kivuli, punguza matawi.

Vifaranga pandikiza Septemba au Oktoba, vipate miezi ya joto mbele yake. Vikitoka Kyela kwenye joto, usivimwage hapohapo: acha mfuko wao uelee bwawani dakika 20, kisha uingize maji ya bwawa kidogo kidogo.

Na wewe wa Makete, ambaye kipimajoto hakivuki 18 hata mchana, sato wa nini? Kama una kijito kisichokauka, fikiria trauti. Huyo baridi ndiyo kwao.