Mafaili madogo mengi? Yafunge kwanza ndipo uyapeleke kwenye eksteno

Nimejifunza hili wiki hii hapa steshenari, Mtwara mjini, nikihifadhi nakala za karatasi za wakulima wa korosho tulizoskani msimu mzima. Folda lenye maelfu ya mafaili madogo usiliburute lilivyo. Lifunge kwanza kwenye kompyuta liwe faili moja la zipu, kisha hamisha hilo moja kwenda kwenye eksteno, yaani diski ya nje. Ukitumia programu ya 7-Zip, kwenye kiwango cha kubana chagua Store, yaani fungasha bila kubana, maana picha za JPEG zimeshabanwa na kuzibana tena ni kupoteza muda.

Kila faili, hata la kilobaiti 20, diski inalitafutia nafasi na kuliandika kwenye orodha yake kabla ya kugeukia jingine. Kwa diski ya kuzunguka, kichwa kinahangaika huku na huko. Sogeza sikio utakisikia kikigongagonga. Faili moja kubwa linaandikwa mfululizo. (Chomeka eksteno kwenye tundu la bluu kama lipo, mara nyingi ndilo USB 3, lenye kasi zaidi.)

Kwa video za harusi haisaidii, hizo tayari ni kubwa. Kompyuta iliyojaa haitapata pa kuiweka zipu. Eksteno iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili) inakataa faili linalofika GB 4, hivyo zipu yako igawe vipande. Na tafadhali sana, zipu ikiharibika unaweza kupoteza vyote: ipime kwa kitufe cha Test cha 7-Zip ikiwa tayari kwenye eksteno, kabla hujafuta chochote.