Kitu kubwa ikitokea kwa maisha yako, pima hivi na ujipange hivi

Ukifiwa, ukifutwa kazi, ukioa, watu watakuambia "utazoea tu". Kwa mambo mengine ni ukweli, kwa mengine si ukweli kabisa. Shida ni venye hapa kwetu Kisumu tunajipanga kwa ile siku yenyewe, hema, viti, pilau, basi, alafu miaka inayofuata hakuna mtu ameipangia kitu.

Anza na namba. Chukua simu uwaze ngazi yenye vidato kutoka 0 mpaka 10, juu kabisa ni maisha mazuri zaidi unaweza pata, chini kabisa ni mabaya zaidi. Uko wapi saa hii? Andika na tarehe. Hiyo ngazi ni ya Hadley Cantril, Mmarekani, kutoka miaka ya 60, na mpaka leo inatumika kulinganisha nchi. Rudia tarehe 15 kila mwezi, si siku mshahara imeingia na si siku mmegombana nyumbani.

Tukianza na harusi. Watafiti kina Richard Lucas na Ed Diener walisoma habari za watu zaidi ya 24,000 Ujerumani, miaka 15, wakatoa matokeo 2003. Wanaooa, kuridhika kwao na maisha kulipanda kidogo tu, na kwa wastani kama miaka miwili baadaye walikuwa wamerudi pale pale, ingawa kuna wenye walibaki juu na wenye walishuka kuliko mwanzo. Kwa hivyo loni ya sako ya miaka minne usiimalize kwa Jumamosi moja. Nunua tanki ya maji, hama karibu na kazi, vitu utatumia kila siku.

Kufutwa kazi ndio mbaya. Mwaka wa 2004 kina Lucas walionyesha waliopoteza kazi walishuka, na hata baada ya kupata ingine, kwa wastani hawakurudi kabisa walipokuwa. Si mshahara pekee, ni kuamka ukijua kuna mahali unangojewa. Kwa ploti yetu kulikuwa na mzee, kila asubuhi anavaa tai, anapanda matatu ya Kondele, kumbe anaenda kuketi tu mpaka jioni, bibi yake alikuja kujua siku mtoto amerudishwa nyumbani juu ya karo. Niliumia sana juu huyo mzee alibeba hiyo kitu peke yake miezi na miezi na watu wa kumsaidia walikuwa ukuta wa pili. Sema nyumbani wiki hiyo hiyo. Amka saa ile ile ya zamani, tafuta mahali pa kwenda hata kama ni kusaidia ndugu yako kwa kibanda Kibuye bila malipo. Na chama usitoke! Omba wakupunguzie mchango, juu ukitoka unapoteza pesa na watu pamoja.

Kuachana sitaongea sana, jua tu kwamba kuridhika huanza kushuka kabla ya talaka yenyewe, kwa hivyo usijihukumu na namba ya ule mwaka.

Kufiwa sasa. Kwa ule utafiti wa 2003, waliofiwa na bwana ama bibi walichukua karibu miaka 8, kwa wastani, kukaribia walipokuwa. Sisi tunazika Jumamosi, Jumapili hema inashushwa na sufuria zinarudishwa kwa wenyewe, Jumatatu kwa WhatsApp ya matanga ni watu kutoka mmoja baada ya mwingine. Kabla utoke kwa hiyo grupu, weka alamu kwa simu yako: mwezi wa tatu, wa sita, mwaka. Ukipiga usiulize "unaendeleaje", atakuambia "tunashukuru Mungu" na mazungumzo yaishie hapo. Mwambie, "Mama, Jumamosi nakuja na fundi tuangalie hiyo paa ya jikoni." Na kama ni wewe umefiwa, watu wa boma wakileta karatasi ya shamba usisaini kitu mpaka wakili aisome.

Namba ikikaa chini miezi miwili mfululizo na usingizi umepotea, chukua hiyo simu uende hospitali, hapa ni Jaramogi yenye tunaita Russia, uonyeshe daktari hizo namba na tarehe zake. Na kama umeanza kufikiria kujiua usingoje tarehe 15, enda leo, na uende na mtu.