Kupima mwendo wa protini kwenye utando wa seli kwa filamu ya FRAP (kuzima rangi kwa leza, kisha kutazama mwanga ukirudi)

Darubini ya leza hapa Lubumbashi sina. Seli hupigwa picha Ubelgiji, mimi napokea faili usiku intaneti ikiwa imetulia, halafu nahesabu kwa Fiji, programu ya bure.

Kwanza ujue unatazama nini. Utando wa seli hai ni kama soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi) siku ya Jumamosi. Protini zimepakwa rangi inayong'aa. Leza inaunguza rangi hiyo katika duara dogo, panakuwa giza. Protini zenyewe zimebaki palepale, zimezimwa tu. Mwanga ukianza kurudi, ni wapita njia wa pembeni wanaoingia. Wenye meza zao hawahami, kwa hiyo mara nyingi haurudi wote.

1. Chora maduara matatu: sehemu iliyounguzwa, seli nzima, na mahali patupu nje ya seli. Pima wastani wa mwanga kwa kila picha. Hifadhi jedwali papo hapo. Kuran (umeme) ikikatika haipigi hodi.

2. Punguza mwanga wa mahali patupu kwenye vipimo vingine viwili, kisha gawanya sehemu iliyounguzwa kwa seli nzima. Mimi nilipuuza hili mara ya kwanza, nikatangaza kwamba nusu ya protini zimekwama. Kumbe kule kupiga picha tu kulikuwa kunafubaza rangi.

3. Wastani wa kabla ya leza uwe 1: gawanya kila namba kwa huo wastani. Tafuta mwanga wa chini kabisa baada ya leza, na kiwango unapotulia. Nusu-muda ni sekunde za kufika katikati ya hivyo viwili. Wengi huhesabu katikati ya chini na 1, wanaharibu kila kitu.

4. Pima nusu-kipenyo cha duara kwenye picha ya kwanza baada ya leza. Namba iliyoandikwa kwenye mashini usiiamini: protini zilikuwa zinatembea hata leza ikiwaka, na kosa lako litazidishwa kwa lenyewe.

5. D (kipimo cha kasi ya protini kusambaa) = 0,224 × r² ÷ nusu-muda, kanuni ya Soumpasis ya 1983; r ni ile nusu-kipenyo. Kwa r ya mikromita 1,5 na sekunde 4, unapata mikromita mraba 0,126 kwa sekunde. Lipidi, yaani mafuta yanayounda utando, hukaribia 1. Protini za utando kwa kawaida huenda polepole zaidi. Ukipata 50, kagua vipimo vya pikseli na sekunde, au umepima protini zinazoogelea ndani ya seli.

Na muulize aliyepiga picha: seli zilikuwa nyuzi 37, au baridi ya chumba? Utando ukipoa, mwendo hupungua.