SOMO: Siku moja Mombasa na gari lenu (Moshi–Voi–Mombasa–Tanga). Soma kabla ya kuuliza

Habari wakuu. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne swali lilelile: "Tunapita Mombasa siku moja tu, tuone nini?" Nimechoka kurekodi sauti za dakika saba. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia uzi huu.

Safari yenyewe: tulikuwa watano kwenye Noah moja. Tulitoka Moshi, tukavukia Holili na Taveta, tukalala Voi. Siku ya pili Mombasa, usiku tukalala Ukunda, kisha Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, nyumbani. Baada ya hapo nimeirudia mara mbili na watu wengine. Kwa ratiba hii Mombasa inapata saa saba na nusu. Zinatosha, maana kisiwani vitu vya kuona vimekaribiana, mguu unafika. Kinachokula siku ni gari. Hilo mkilishika, mengine yote humu ni ziada.

Hatua ya 1: Karatasi. Pasipoti au hati ya muda ya Afrika Mashariki, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kadi ya gari, bima ya COMESA. Kama gari si la jina lako, barua ya mwenye gari.

Hatua ya 2: Laini ya Kenya. Nunueni moja Taveta kwa pasipoti, isajiliwe na M-Pesa hapohapo, mwekeni pesa. Msiseme mna noti mkononi. Tiketi ya Fort Jesus inalipwa kwa eCitizen, mfumo wa malipo ya serikali ya Kenya mtandaoni, na maegesho ya mjini nayo ni simu. Noti ni za madafu na tuktuk.

Hatua ya 3: Voi mtoke saa 11 alfajiri. Ni kama kilomita 150, lakini ni barabara ya malori ya bandarini. Kuanzia Mariakani mnaweza kutembea nyuma ya kontena moja mpaka mjue namba zake kwa kichwa. Mkitoka saa 11, saa 2:30 mko kisiwani. Mkitoka saa 1 kwa sababu kuna mtu anapiga pasi shati, hesabuni saa 5.

Hatua ya 4: Gari. Hapa someni taratibu.

Safari ya kwanza usukani ulikuwa kwangu. Ramani ya simu ikaniambia pale Fort Jesus nikate niingie Mji wa Kale. Nikakata. Ndia Kuu ikanipokea vizuri, nikapata kichwa. Nikaingia kichochoro cha pili, nikaingia cha tatu, mpaka nikafika mahali baraza za nyumba zimetokeza pande zote mbili, mbele kuna mkokoteni wa madumu ya maji, nyuma pikipiki mbili zinapiga honi. Kuta za kule ni mawe ya matumbawe, zinakwangua kama tupa. Kioo cha pembeni cha kushoto kikasugua, kikakatika, kikabaki kinaning'inia kwenye waya. Mzee mmoja aliyekuwa barazani akainuka na kikombe chake cha kahawa, wala hakukitua, akaja dirishani: "Mwanangu, ndia hii ni ya punda na mkokoteni. Wenda wapi?" Sikuwa na jibu. Akatutoa kinyumenyume kwa mkono mmoja, "kata, kata, nyoosha, wacha hapo", dakika arobaini, na kahawa haikumwagika. Watoto wa madrasa walikuwa wamejaa ukutani wanatuangalia kama sinema.

Haikuishia hapo. Kwa hasira nikapaki pembeni ya barabara sehemu ya kwanza niliyoona nafasi, sikulipia, tukaenda kutafuta chai. Tuliporudi gurudumu lilikuwa limefungwa chuma. Kosa langu, sibishi. Kulipa ilitaka simu, laini ya Kenya hatukuwa nayo (sasa mnajua Hatua ya 2 imetoka wapi), tukaanza kumtafuta mtu wa kutulipia tumpe noti. Saa 8 mchana ndiyo tukawa huru. Fort Jesus tuliiona kwa nje, kama watu wanaochungulia harusi ya jirani.

Kwa hiyo:
- Gari lisiingie Mji wa Kale. Hata ramani iseme linapita. Hata uone gari jingine limeingia. Yule ni wa pale, anajua pa kutokea.
- Pakini upande wa Nkrumah Road au Treasury Square, lipieni kwanza, pigeni picha ujumbe wa malipo, ndipo mfunge milango.
- Mizigo isionekane kwenye viti.
- Kuanzia hapo ni miguu na tuktuk. Bei ya tuktuk mnapatana kabla ya kukaa.

Hatua ya 5: Fort Jesus, saa 3 asubuhi. Mapema, kabla jua halijashika mawe. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ramani ikachorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watu wengi wanapiga picha na mizinga wanatoka. Ninyi nendeni kwenye vyumba vya makumbusho muone vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Santo António de Tanná. Iliingia kuwasaidia Wareno waliozingirwa na Waomani, ikazama hapo chini ya ngome mwaka 1697. Waomani wakaichukua ngome Desemba 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ukishajua hilo, panda juu ya ukuta uangalie mlango wa bahari ulivyo mwembamba. Utaelewa kwa nini kila mtu aliutaka. Waingereza nao walipokuja wakaigeuza jela, ikabaki jela mpaka 1958. Saa moja na nusu inatosha.

Hatua ya 6: Mji wa Kale kwa miguu. Ndia Kuu, milango ya nakshi, roshani za mbao, Msikiti wa Mandhry, mpaka bandari ya zamani ya majahazi. Mkitaka mtu wa kuwaongoza, bei isemwe ikiwa ngome bado iko machoni. Vaeni kwa heshima, ni mtaa wa watu wanaoishi, na msimpige mtu picha bila kumwomba. Ijumaa kuanzia saa 6 mchana maduka mengi yanafungwa kwa swala, mpange kinyume: Mji wa Kale kwanza, ngome baadaye.

Hatua ya 7: Kula. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana biriani. Mwezi wa Ramadhani mchana msitegemee, bebeni chenu na mle faragha.

Hatua ya 8: Mapembeni (zile pembe kubwa za tembo za bandia juu ya barabara) na leso, yaani kanga. Tuktuk mpaka Moi Avenue, picha moja chini ya pembe, dakika kumi, basi. Halafu Biashara Street kwa wanaotaka leso. Wekeni saa. Sisi tulimpoteza mwenzetu humo saa nzima, akatoka na mifuko mitatu na hana nauli.

Hatua ya 9: Kutoka. Saa 10 jioni kamili mko ndani ya gari. Mkichelewa mpaka saa 11 mtakutana na watu wote wa Likoni, ng'ambo ya kusini mnakoelekea, wanaorudi makwao, na foleni ya kivuko itawafundisha subira. Njia nyingine ni Dongo Kundu: mnatoka kisiwani kwa Makupa, mnapita Miritini, mnavuka madaraja mpaka kusini bila kugusa kivuko. Ni mzunguko, ila jioni mimi ndiyo napita huko. Kama hamjawahi kupanda kivuko na muda upo, pandeni. Ni dakika chache, na gari likiwa juu dereva avute handibreki na aache gia imeingia.

Maswali chini. Tafadhali someni kwanza.

---

Kijana wa Himo: Mkuu, somo zuri. Fort Jesus kiingilio shilingi ngapi? Sijasoma yote, nipo kazini.

Mleta somo: Bei zinabadilika, zimebandikwa mlangoni. Watu wa Afrika Mashariki wana bei yao, onyesha pasipoti. Ukitoka kazini soma Hatua ya 2, usije ukafika na noti.

Bonge la Safari: Sisi tunatoka Moshi saa 12 asubuhi, tunazunguka Mombasa, usiku huohuo tunarudi. Inawezekana?

Mleta somo: Kuendesha, ndiyo. Kuzunguka, hapana.

Bonge la Safari: Mbona unakatisha watu tamaa? Kuna jamaa yangu alifanya.

Mleta somo: Muulize aliona nini. Na kipande cha Taveta–Voi kinapita kwenye eneo la Tsavo, tembo hawana taa za nyuma. Usiku mimi sipiti.

Nuru M.: Kaka, hapo kwenye Fort Jesus nimesoma mara mbili. Ni kweli kuna michoro ya askari wa Kireno ukutani? Niliwahi kusikia nikadhani ni hadithi.

Mleta somo: Dada, ni kweli, na asante kwa kuuliza, nilisahau kuiweka. Ni michoro kwenye lipu ya ukuta, mtu amejichorea meli na watu, kama kijana wa bweni aliyechoshwa na zamu ya usiku. Mimi niliipita safari nzima ya pili bila kuiona. Waulize wahudumu mapema, wanakupeleka. Ukiwa hapohapo ingia pia Nyumba ya Waomani iliyo ndani ya ngome. Na kama unapenda historia, mkitoka Taveta kuelekea Voi mtapita karibu na kilima cha Salaita, Waingereza na Wajerumani walipigana pale Februari 1916. Taveta yenyewe kuna makaburi ya vita vile. Robo saa tu, mnanyoosha miguu.

Nuru M.: Barikiwa. Hiyo ya Salaita naipeleka kwa wenzangu leoleo.

Gadi wa Tanga: Umeacha Haller Park! Twiga unawalisha mkononi. Somo halijakamilika.

Mleta somo: Sijaiacha kwa bahati mbaya. Iko Bamburi, nje ya kisiwa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Kwenda na kurudi na foleni umeua Mji wa Kale wote. Mwenye siku mbili aende, tena ni mahali pa kujifunza: palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, René Haller akaanza kupanda miti mwaka 1971, mivinje ndiyo iliyokubali kumea. Lakini kichwa cha somo kinasema siku moja.

Shangazi wa Kibokoni: Nyinyi mwaja mjini kwetu na kuondoka saa kumi? Haya. Mleta somo umesema kweli kuhusu gari, kila wiki twaona mmoja amekwama, na wengine hawaombi hata msamaha. Lakini Mama Ngina, bustani yetu ya ufuoni, hukuitaja, kwa nini? Jioni watu wote wako kule, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, meli zapita mbele yako karibu mpaka wasoma jina.

Mleta somo: Shikamoo shangazi. Nimekosa. Kwa ratiba yangu jioni tunakuwa tumeondoka, ndiyo maana. Ila mtu akiruka leso, saa 9 anaweza kukaa Mama Ngina nusu saa na dafu lake.

Shangazi wa Kibokoni: Marahaba. Aruke mapembe, asiruke leso. Mapembe yenyewe ni bati la alumini.

Nuru M.: Shangazi, leso ya kununua naitambuaje? Huku kwetu twaita kanga, nauziwa nyepesi, ukifua mara mbili imekuwa chandarua.

Shangazi wa Kibokoni: Mwanangu, ishike uitazame kwa mwanga. Ukiona uso wa muuzaji, rudisha. Kisha soma jina kabla ya rangi, usije ukampelekea mkweo leso ya matusi. Na waambie wakupindie, mafundi wako hapohapo, wangoja dakika chache.

Mleta somo: Ongezeni hili: bebeni mfuko wenu wa kitambaa. Mifuko ya rambo Kenya ilipigwa marufuku tangu 2017, msivuke nayo mpakani.

Kijana wa Himo: Nimesoma yote sasa. Swali: treni ya SGR inafika karibu na Fort Jesus?

Mleta somo: Inaishia Miritini, nje ya kisiwa. Na somo hili si la wenye gari?

Kijana wa Himo: Tuna Noah kama yako. Nilikuwa najiuliza tu. Kile kioo ulikipata wapi na kwa bei gani?

Mleta somo: Kwa fundi hapa Moshi, cha gari bovu, elfu thelathini na tano. Alinilazimisha nichukue vyote viwili. Cha kulia bado kipo stoo, ukitoka salama kule usikisahau.

Kijana wa Himo: Weka pembeni mkuu. Dereva wetu namjua.